Nilimzomea Namba Tatu

Mechi saba, pointi nne. Mtani wangu kazini wala hahangaiki kunitafutia maneno. Jumatatu akiingia ananinyooshea vidole vinne, anavuta kiti chake, anaendelea na shughuli zake. Wiki tatu mfululizo vidole vilikuwa vilevile vinne. Baada ya mechi ya saba alivinyoosha tena, akavitazama mwenyewe kama mtu anayehakiki hesabu, kisha akatikisa kichwa kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. Mtani akianza kukuonea huruma, ujue timu yako imefika pabaya.

Jina la klabu nitalihifadhi. Kwanza ni aibu, pili mwenye timu inayosuasua hahitaji kuambiwa, ataiona yake humu. Niliirithi kwa baba, aliyenivisha jezi kabla sijajua kusoma jina la mgongoni. Siku hizi nikimpigia baada ya mechi anauliza habari za kazi, za watoto, za goti langu linalouma tangu mwaka juzi. Mpira hajautaja msimu huu hata mara moja. Ndivyo ninavyojua kwamba anaangalia.

Kosa letu lilianza kabla ya kipenga cha kwanza. Mechi za kirafiki tulishinda tano mfululizo na mimi, mtu mzima, nikaziamini. Najua vizuri kwamba mechi ya kirafiki ni mazoezi yenye watazamaji. Kocha anabadilisha kikosi kizima kwa mpigo, mpinzani bado ana uzito wa likizo mwilini, na hakuna anayetaka kuvunjika mguu kabla ya ligi. Yote hayo nayajua. Lakini winga wetu mpya alipopiga chenga mbili kwenye mechi ya tatu nilijikuta nimesimama sebuleni peke yangu. Video yake ya kutambulishwa nilikuwa nimeshaiangalia mpaka nikajua mpangilio wa chenga zake, ipi inatangulia, ipi inafuata, muziki unapanda wapi. Katika video za namna hiyo hakuna mchezaji anayepoteza mpira. Wala hakuna anayekaba, na hilo kama ningelitafakari mapema ningejiokolea mengi.

Ligi ikaanza. Tukafungwa 2-1 nyumbani, tukasema ni bahati mbaya. Suluhu ugenini, tukasema pointi ya ugenini ni pointi. Kichapo cha 3-0. Ushindi wa 1-0 kwa penalti ambayo hata mimi na ushabiki wangu nisingeitoa. Kichapo kingine, 2-0. Kisha ile ya 3-2 tuliyokuwa tukiongoza 2-0 mpaka dakika ya 70, ambayo sitaisimulia.

Hasira ya shabiki haikai hewani, inatafuta mtu wa kumkalia. Ya kwetu ilimkalia namba tatu, beki wetu wa kushoto. Ni kijana aliyepanda kutoka timu ya vijana, hana jina kubwa, hakununuliwa kwa fedha, na katika mechi ya kwanza ndiye aliyepitwa kabla ya bao la pili. Ilitosha. Kuanzia siku hiyo mpira ukielekea kushoto kwetu jukwaa linaguna kwanza, halafu ndipo watu wanaangalia kimetokea nini. Mechi ya tano alipotolewa dakika ya 60 watu walishangilia. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilipiga makofi huku nimesimama, na hayakuwa ya kumpongeza.

Wa pili kwenye foleni ya lawama alikuwa kocha. Magazeti yakaanza yale maneno yao: amekalia kuti kavu, kibarua kiko mbioni kuota nyasi. Tukaimba aondoke. Sijui kama kuna wimbo rahisi kuujifunza kuliko huo, kila uwanja una wa kwake na zote zinafanana.

Usiku wa ile 3-2 usingizi haukuja. Nilikaa na simu nikitafuta timu zilizoanza vibaya zikaishia vizuri, na kwa kweli zipo. Juventus, msimu wa 2015/16, walipoteza mechi mbili za kwanza, na baada ya mechi 10 walikuwa na pointi 12 tu, nafasi ya 12. Kisha wakashinda 15 mfululizo na ubingwa wakabeba wao. Arsenal walifungua msimu wa 2021/22 kwa vipigo vitatu, mabao 9 ya kufungwa na wao hawajafunga hata moja, wakashika mkia, na bado walimaliza wa tano. Leicester City walikuwa wa mwisho sikukuu za Krismasi mwaka 2014, wakashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho, wakabaki ligi kuu, na msimu uliofuata, wa 2015/16, wakawa mabingwa wa Uingereza.

Halafu nikakutana na Crystal Palace ya 2017/18, nikahisi nimepata ndugu. Mechi 7 za kwanza walipoteza zote bila kufunga bao. Saba, bila hata la kufutia machozi! Ushindi wa kwanza ukaja mechi ya 8, 2-1, tena dhidi ya Chelsea waliokuwa mabingwa watetezi, na bao lao la kwanza la msimu likaandikwa kuwa la kujifunga la beki wa Chelsea. Hata kufunga walianza kwa kufungiwa. Walimaliza wa 11.

Nikayatuma yote kwa mdogo wangu saa nane usiku. Yeye naye anaipenda timu hii, ila ana kichwa baridi ambacho sijui alikirithi kwa nani. Nilidhani amelala. Jibu lilikuja palepale.

"Na Sheffield United je, kaka?"

Nikaenda kuwasoma. Msimu wa 2020/21, wakiwa wametoka kumaliza wa 9 mwaka uliotangulia, walikusanya pointi 2 katika mechi 17. Hawakurudi popote. Walishuka wakiwa wa mwisho.

"Unaokota waliopona tu," akaandika. "Waliozama hakuna anayewasimulia. Halafu wale Juventus walikuwa na Buffon golini, Chiellini na Bonucci mbele yake, Pogba katikati. Sisi tuna nani?"

"Tuna moyo," nikaandika.

"Lala, kaka."

Kesho yake aliendelea na somo. Yeye hufuatilia zile takwimu za ubora wa nafasi, ambazo kila shuti linapewa thamani kulingana na mahali lilipopigwa na mazingira yake. Penalti, kwa mfano, inahesabiwa kama robo tatu ya bao na ziada kidogo, kwa sababu katika penalti kumi saba au nane huingia. Shuti la nje ya boksi lenye watu wanne mbele linapewa punje tu. Akaniambia kwamba nafasi zetu za mechi tatu za mwisho, ukitoa ile penalti, ukizipanga zote pamoja hazijazi hata penalti mbili. "Wewe unalia na matokeo," akasema. "Matokeo yanatutendea wema." Nilimchukia kwa siku mbili hivi.

Kuhusu kocha pia alikuwa na lake. Palace walimfukuza Frank de Boer baada ya mechi 4 tu za ligi. Akaja Roy Hodgson, mzee wa kazi, na mechi tatu zilizofuata akafungwa zote vilevile, bila bao vilevile. Yuko pia mtafiti Mholanzi, Bas ter Weel, aliyechambua misimu ya ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza kocha katikati ya mdororo na timu zilizokuwa kwenye mdororo kama huo zikambakisha kocha wao. Zote zilinyanyuka, kwa kiwango kilekile. Mdororo nao huchoka. Sikuipenda habari hiyo, maana wimbo wetu nilikuwa nimeshaukariri.

Hapo ndipo nilipokuwa kabla ya mechi ya saba: nina tarakimu, nina historia, nina hasira, na bado sijaelewa kwa nini timu yangu inafungwa.

Siku hiyo nilichelewa. Nimezoea kukaa juu, jukwaa la pembeni karibu na mstari wa kati, mahali ambapo uwanja mzima unauona kama ubao wa drafti. Nilifika mpira umeshaanza. Kijana wa mlangoni akanikatalia kupanda, ngazi zimejaa, akanielekeza chini kabisa kwenye kona, mstari wa pili, nyuma ya kibendera. Nilitaka kubishana, nikasikia umati ukinguruma, nikakimbilia kiti.

Ukiwa pale unaona vizuri robo ya uwanja. Iliyobaki unaibashiri kwa kelele. Goli la mbali lingeweza kuhamishwa nisijue. Kwa hiyo dakika zote zilizobaki za kipindi cha kwanza sikuwa na la kuangalia isipokuwa namba tatu wetu, ambaye upande wake ulikuwa huohuo.

Kwanza, anaongea. Kule juu nilikokaa miaka yote mpira hauna sauti za wachezaji, una sauti ya umati tu. Huku chini nikamsikia. "Rudi! Rudi! Wawili!" Sauti ilikuwa imeanza kukauka. Alikuwa akimwita namba kumi na moja, yule winga wetu wa video, aliyesimama karibu na mstari wa kati mikono kiunoni akisubiri mpira umfuate. Na kweli walikuwa wawili. Namba saba wao alikuwa anaingia na mpira mguuni, na namba mbili wao anapanda mbio kwa nje yake.

Mmoja dhidi ya wawili hana jibu. Ukimvaa mwenye mpira, mwenzake anazunguka mgongoni kwako na kupewa pasi. Ukibaki na wa nje, mwenye mpira anainua kichwa kwa raha zake na kumimina krosi. Kijana alichagua mara hili mara lile, na kila alichochagua kilionekana kosa. Mara tatu aliweza kuwachelewesha tu, akirudi kinyumenyume, mikono ameitanua kidogo, akiwanyima pa kupita mpaka wenzake wakafika. Hakuna aliyepiga makofi. Kuchelewesha hakuonekani ukiwa juu. Kutoka juu anaonekana mtu anayerudi nyuma.

Alikuwa amejifunga plasta nyeupe kifundoni mwa mkono wa kulia. Kila mpira uliposimama aliichokonoa kwa kidole gumba, mpaka ncha yake ikabanduka na kuanza kupepea. Kabla mpira haujamfikia alikuwa akigeuza shingo mara mbili, kulia, kushoto, haraka kama ndege anayekula shambani.

Dakika ya 31 kipa alimrushia mpira. Hapakuwa na adui ndani ya hatua kumi. Alikuwa na muda wa kuusimamisha, kugeuka na kuchagua. Kabla hajaugusa, jukwaa likaguna. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumrushia ufunguo na akaudaka, na nilimwona mabega yakipanda kuelekea masikioni. Akaugusa mara moja tu, akaurudisha kwa kipa. Zikafuata zomea. Mdomo wangu ulikuwa wazi pamoja na midomo ya wengine, na sauti ilikuwa imeshatoka.

Nilikaa. Jamaa wa kushoto kwangu akaniambia, "Umeona, kaka? Huyu hana mpira miguuni." Nikaitikia kwa kichwa, kwa mazoea. Lakini nilikuwa nimeona mpangilio wa mambo, na mpangilio wenyewe ulikuwa umegeuka. Miezi miwili nilikuwa nikisema tunaguna kwa sababu anarudisha mpira nyuma. Mguno ulitangulia.

Bao likaja dakika ya 38, na nisingehitaji kulisimulia, limeshasimuliwa. Wawili, mmoja anazunguka, krosi, kichwa, wavu. Kijana alibaki amepiga goti moja kwenye nyasi. Namba kumi na moja, kutoka kule kule alikokuwa, akainua mikono yote miwili juu, akimlaumu, na jukwaa zima likamuunga mkono.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Namba tatu wetu akahamia ng'ambo, upande wa mbali kabisa na mimi, na mbele yangu wakaja wengine. Winga wetu wa kulia sasa ndiye aliyekuwa akishambulia kona yangu, na anayemkabili ni namba tatu wa wapinzani. Kiti kilekile, kona ileile, beki wa kushoto mwingine. Nadhani ningepanga makusudi nisingeipata nafasi hiyo ya kulinganisha.

Kila winga wetu alipopokea mpira, kabla yule beki hajafungua mdomo, winga wao alikuwa ameshafika, anahema, soksi moja imeshuka. Kiungo wao mmoja naye anasogea hatua tano, sita, anaziba njia ya ndani. Watu watatu dhidi ya mmoja wetu. Na yule beki, nawaambia ukweli, hakuwa bora kuliko wa kwetu. Kwa mbio wa kwetu anamwacha. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa kupandia ngazi tu. Kuna wakati aliteleza akaanguka chali, mpira ukampita, na hakikutokea chochote, kwa sababu mwenzake alikuwa nyuma yake kuusafisha. Akainuka, akajipangusa, wakagongana viganja. Mashabiki wao wachache waliosafiri wakamwimbia jina.

Tulifungwa ile 1-0. Nilirudi nyumbani bila kumpigia baba.

Ikafuata mapumziko ya mechi za timu za taifa, wiki mbili bila ligi. Kwa kawaida nachukia mapumziko hayo, safari hii niliyapokea kama mgonjwa aliyeambiwa leo hakuna sindano. Nilichukua karatasi nikarudia kuangalia mabao yote 11 tuliyofungwa. Nilijiwekea sharti moja, nisiufuate mpira. Nisimamishe picha sekunde kumi kabla ya bao na kutafuta kila mtu yuko wapi.

Saba kati ya 11 yalipitia kushoto kwetu. Katika hayo saba, mara tano namba tatu yuko peke yake na watu wawili. Mpaka hapo nilikuwa tayari kumhamishia hasira zote namba kumi na moja, na kwa siku nzima nilifanya hivyo. Kisha nikajiuliza, msimu uliopita mbona winga wetu wa wakati ule naye hakuwa anarudi? Nilimkumbuka vizuri, alikuwa mvivu wa kukaba kuliko huyu. Na bado hatukuwa tukifungwa hivi.

Nikafungua mechi za mwaka jana. Ilinichukua mechi mbili nzima kumwona, maana macho yangu hayakuwa yamezoea kumtafuta. Namba sita, kiungo wetu wa kuziba. Mpira ukielekea kushoto kwetu, kuna mtu anaingia kwenye picha kutoka katikati, bila haraka, kama mtu anayekwenda kufunga dirisha kabla ya mvua. Hatelezi, hapigi mtu, haruki. Anasimama tu mahali ambapo mshambuliaji alikuwa anataka kupita. Mshambuliaji anageuka, anarudisha mpira nyuma, shambulio linakufa, na mtangazaji hata hamtaji. Nilihesabu mechi moja: mara 14. Mara 14 alikwenda kufunga dirisha lile.

Misimu minne alicheza kwetu, na sikumbuki hata siku moja tulipomwimbia jina. Nakumbuka tu tukilalamika kwamba hapeleki mpira mbele. Aliuzwa wiki chache kabla ya dirisha la usajili kufungwa.

Nilimpigia mdogo wangu kumweleza uvumbuzi wangu. Nilijiona profesa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, kisha akasema, "Ngoja nikutumie kitu." Ilikuwa picha ya ujumbe kutoka kundi letu la familia, siku namba sita alipoondoka.

"Hatimaye! Mzee wa pasi za nyuma katuacha. Sasa tutaanza kucheza mpira."

Mwisho wa ujumbe kulikuwa na alama tatu za moto. Juu kabisa kulikuwa na jina langu.

"Hii ni ya nani, kaka?" akauliza.

Nimeutunza ule ujumbe. Unanisaidia pale ninapoanza kueleza watu, kwa sauti kubwa, nani auzwe.

Sasa, wasije wenye klabu wakanielewa vibaya. Mimi ni shabiki, nina haki ya kukosea mbele ya televisheni bila gharama kwa mtu. Wao wanalipwa kujua kwamba mtu yule alikuwa akifunga dirisha. Walimuuza, na kwa fedha hizo wakaleta winga wa pili. Mechi ya nne ilipopita wakatoa taarifa yenye neno "mradi" mara nne, nimehesabu hiyo pia. Siku hizi kila timu inayofungwa ina mradi. Na kocha naye simtoi hatiani. Kama kiungo wa kuziba pale hayupo, basi winga arudi, na kama winga amri yake ni kubaki mbele kungojea mashambulizi ya kushtukiza, basi beki asipande, au mstari mzima usogee. Kuna namna tatu nne za kulitatua. Kumwacha kijana wa miaka michache kwenye ligi akimaliza mwenyewe si mojawapo.

Na wale wanaotuhubiria kwamba shabiki wa kweli havunjiki moyo, sijui wanamzungumzia nani. Mimi nimevunjika moyo na bado ni shabiki. Anayesafiri, anayesimama kwenye mvua, anayelala saa nane usiku akisoma habari za Sheffield United, huyo ana haki ya kukasirika. Ninachokijutia ni kwamba hasira yangu ilikuwa ya kivivu. Ilimshika aliyekuwa karibu na tukio, kama mtu anayefika kwenye ajali na kumkamata wa kwanza aliyemkuta pale, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akijaribu kuwatoa watu. Nimejiuliza ni wangapi niliowazomea hivyo miaka yote nikiwa kule juu. Yuko beki wa kati mmoja, miaka kumi hivi iliyopita, namkumbuka kila nikipiga mswaki.

Kwa timu yenyewe, mambo hayajabadilika sana. Mechi ya nane tulitoka sare 1-1 ugenini. Pointi tano. Mtani wangu Jumatatu ile alinionyesha mkono mzima, akasema siku hizi tunamchosha vidole.

Mechi ya tisa ilikuwa nyumbani. Nilifika mapema, ngazi ya kupanda juu ilikuwa wazi, nikapita pembeni yake nikashuka kwenye kona, mstari wa pili. Kocha alikuwa amemwanzisha tena namba tatu. Plasta nyeupe ilikuwepo, safari hii ameizungusha mara mbili. Namba kumi na moja alikuwa akirudi kidogo, si sana, kama mtu aliyeambiwa na kukubali kwa shingo upande. Mara mbili alifika kwa wakati. Mara nyingine alifika kuangalia.

Dakika ya 20 na kitu, kipa akamrushia kijana mpira. Palepale mbele yetu, hakuna adui karibu. Nikasikia vifua vikijaa pumzi nyuma yangu, ule mguno ukianza kujikusanya. Sikupanga kufanya lolote, lakini nilisimama nikapaza sauti, na kwa kuwa wengine walikuwa bado hawajafungua midomo, ilisikika peke yake.

"Una muda! Geuka!"

Jamaa wa pembeni alinitazama kama mtu aliyepandwa na kichaa. Kijana akageuka. Akausimamisha mpira, akainua kichwa, akaona mshambuliaji wetu akichomoka kule mbele, akaupiga kwa kushoto, mrefu, wa chinichini, mzuri kabisa kuutazama kwa mita 30 za mwanzo.

Ukatoka nje. Mrusho wao.

Jukwaa likazomea. Yeye akapiga makofi mawili, akirudi mbio kwenye nafasi yake, akageuza shingo kulia, kushoto, na kuanza tena kuita. Mechi iliisha 0-0.